Kusoma hukumu na sheria za PDF kwenye tableti bila maelezo yako kupotea

Kabla hujapaka rangi mstari wa kwanza kwenye tableti yako jiulize kitu kimoja tu, hii rangi inaenda kukaa wapi? Maana kuna apu inaandika alama zako ndani ya faili lenyewe na kuna apu inazitunza kwake huko ndani, na kwa macho huwezi kujua, zote zinapaka njano vizuri tu. Tofauti utaiona siku tableti imepasuka kioo, au umehamia apu nyingine, au umemtumia mwenzako faili ukamwambia angalia nilipoweka njano ukurasa wa 14 afu anakujibu mbona jeupe.

Naongea hasa na wanafunzi wa sheria na mawakili wachanga kwa sababu hao ndo PDF zao haziishi, hukumu kila siku, sheria, mikataba, ila hata kama unasoma makala za masters au ripoti za ofisini mambo ni yaleyale.

PDF ilitengenezwa na Adobe mwaka 1993, na 2008 ikawa standadi ya kimataifa ya ISO, lile shirika la viwango la dunia, yaani sio ya apu moja tena. Ndani ya standadi hiyo kuna sehemu kabisa inayosema hailaiti, yaani hiyo rangi ya kupaka, iandikweje, noti ya pembeni iandikweje, mchoro wa kalamu uandikweje. Kwa hiyo apu inayofuata utaratibu huo ikipaka njano, njano inaingia ndani ya faili na apu nyingine inayofuata utaratibu huohuo itaiona, leo au miaka kumi ijayo. Adobe Acrobat Reader iko hivo, Xodo iko hivo. Zotero, apu ya kutunza na kupanga marejeo, haiko hivo, yenyewe inaweka alama kwenye hifadhidata yake na faili linabaki safi mpaka uiambie itoe nakala yenye alama. Samsung Notes ukiiingizia PDF inatengeneza nakala yake, unachoandika kinaenda kwenye nakala, ile PDF iliyopo kwenye folda haina habari kabisa. Sio ubaya, Zotero mi naipenda na ntaieleza huko chini, ila ujue umeweka vitu vyako wapi.

Kujua ni rahisi. Chukua PDF yoyote ya ukurasa mmoja, ifungue na apu unayotaka kutumia, paka rangi mstari mmoja, weka noti moja, chora kitu kwa kidole pembeni. Sevu, funga apu kabisa. Sasa usiingie tena kwenye apu, nenda kwenye mafaili ya tableti yenyewe, litafute hilo faili, jitumie WhatsApp kama dokumenti, halafu lifungue kwenye simu au laptopu kwa apu tofauti. Vyote vitatu vipo, poa, endelea. Kimekosekana hata kimoja, angalia kwenye vidoti vitatu kama kuna sehemu ya kutoa nakala yenye alama, ujaribu tena. Fanya hivi kabla ya kusoma kurasa 300, sio baada.

Apu gani? Adobe Reader ya bure inatosha kwa kupaka rangi, noti na kuchora, kero yake ni nzito na kila saa inakukumbusha ulipie. Xodo ni nyepesi zaidi na inafungua mafaili kadhaa kwa pamoja, nayo kuna vitu wameviweka vya kulipia ila kusoma na kuweka alama za kawaida sio tatizo. Kile kisomeo cha ndani ya Google Drive kwenye Android kina kalamu na rangi pia, lakini rangi yake ni ya kuchora kwa mkono juu ya ukurasa, haishiki maneno, kwa hiyo baadae huwezi kuyatoa maneno uliyoyapaka. Kwa kuangalia kitu haraka sawa, kwa kazi hapana.

Faili kwanza, rangi baadae

Hukumu nyingi zinatufikia kupitia magrupu ya WhatsApp, zina majina kama DOC-20240312-WA0007, na mtu anaigusa hapohapo inafunguka anaanza kupaka rangi. Hapo unafanyia kazi faili lililoko kwenye folda ya WhatsApp, ambayo siku simu ikijaa ndo ya kwanza kufutwa, na apu nyingine haitaruhusiwa kusevu humo inakutengenezea nakala sehemu ambayo hujui ni wapi, kesho unafungua ile ya mwanzo unakuta haina kitu unadhani apu imekula maelezo yako. Hamisha kwanza. Tengeneza folda yako moja, ndani yake folda chache tu za mada, mirathi, ardhi, kazi, mikataba, basi.

Na kama ni hukumu ya Tanzania kaichukue TanzLII mwenyewe, ya Kenya iko Kenya Law, hizo ni tovuti za hukumu na sheria, zote bure. Zile za kwenye magrupu saa ingine ni picha ya karatasi iliyoprintiwa afu ikaskaniwa tena, utakuja kuona chini kwa nini hilo ni balaa. Ukiichukua TanzLII inakuja na namba yake ya nukuu, TZCA ni Mahakama ya Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu. Jina la faili nashauri lianze na mwaka, halafu TZCA na namba yake, halafu maneno mawili matatu ya kukukumbusha, mfano mirathi mjane nyumba. Ukianza na mwaka tableti inazipanga zenyewe, na ukikumbuka neno "mjane" tu unaipata kwa kutafuta, majina ya wadaawa, yaani wenye kesi, peke yake baada ya miezi sita yote yanafanana.

Kitu cha mwisho hapa, weka nakala mbili, moja safi haiguswi, moja ya kazi. Najua inaonekana kama kujaza nafasi, ila hukumu ya kurasa 25 iliyochapwa kwa kompyuta haili nafasi ya maana, video moja ya kwenye grupu ni nzito kuliko hukumu kibao. Sababu ya nakala safi utaiona kwenye kutuma.

Herufi ndogo, fanya hesabu

Watu wanalalamika macho yanauma wanasingizia mwanga wa skrini, mara nyingi shida ni ukubwa. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Tableti ya inchi 10 zile ndefu za Android ukiishika wima skrini yake ina upana wa milimita 136 hivi. Kwa hiyo ukurasa unabanwa mpaka kwenye asilimia 65, herufi ya saizi 12 unaisoma kama ni 8. Ya inchi 8 ndo kabisa, inakuwa kama nusu, hapo unasoma saizi 6, nani anasoma hivo saa tatu mfululizo.

Dawa ya kwanza ni kuilaza. Tableti hiyohiyo ya inchi 10 ukiilaza upana unakuwa kama milimita 217, yaani A4 inaingia kwa ukubwa wake halisi, unaona karibu nusu ya ukurasa, unashuka, unaona nusu ya pili. Watu hawapendi kwa sababu hawaoni ukurasa mzima, ila kwa kusoma neno kwa neno hakuna njia bora. Dawa ya pili ni kukata kingo. Hukumu zetu zina nafasi nyeupe kubwa pembeni, ukikata inchi moja kila upande yale maandishi yanatanuka na ile saizi 12 inarudi kama 10 ukiwa umeshika wima. Xodo ina hiyo kitu ya kukata kurasa, apu nyingine pia zinayo. Angalia tu kama inakata mwonekano au inakata faili lenyewe, ndo maana nimesema nakala mbili.

Kuna ile hali ya Adobe inaitwa Liquid Mode inapanga maneno upya yatoshe skrini, nzuri kwa simu, inahitaji intaneti na haifanyi kazi kwenye skani. Mi kwa hukumu siitumii maana ule mpangilio wa kurasa unapotea, na wewe unahitaji kusema ukurasa wa ngapi. Kwenye hilo, kuwa makini, namba inayoonyeshwa na apu sio lazima iwe namba iliyochapwa chini ya ukurasa. Faili likiwa na kava mbele mnapishana, unamwambia hakimu ukurasa wa 9 kumbe uliochapwa ni wa 8. Kwenye noti andika iliyochapwa siku zote.

Ikiwa ni skani

Weka kidole juu ya neno ukigandamize. Yakitokea yale mabano mawili ya kuvuta, hayo ni maandishi. Isipotokea kitu, au apu ikataka kuchora boksi, hiyo ni picha ya ukurasa, hailaiti haitashika na ukitafuta neno utaambiwa halipo hata kama unaliona kwa macho yako. Hukumu za zamani na nyaraka nyingi za mabaraza ziko hivi.

Una njia mbili. Kama karatasi unayo mkononi iskani upya kwa Adobe Scan, yenyewe inasoma maneno wakati inatengeneza PDF. Kama unayo PDF tu, ipandishe Google Drive, kwenye kompyuta ifungue na Google Docs, itakutolea maneno kwenye dokumenti mpya. Mpangilio utavurugika, namba za aya zitaenda hovyo, kwa hiyo ni ya kutafutia tu, ukinukuu rudi kwenye picha usome mwenyewe. Kiswahili kwa bahati hakina alama za ajabu juu ya herufi kwa hiyo mashine hizi zinakisoma sio mbaya, panapoharibika ni ile ng' ya ng'ombe na ng'ambo, kile kikoma cha juu saa ingine kinageuka kingine au kinapotea, kwa hiyo ukitafuta tafuta "ombe" tu.

Angalizo kwa mawakili, zile tovuti za bure za kubadilisha na kupunguza PDF usizipandishie nyaraka za mteja. Unapandisha hati ya kiapo ya mtu na namba zake za kitambulisho kwenye kompyuta usiyoijua iko wapi, kisa faili lipungue uzito. Hukumu iliyokwisha kutolewa hadharani sawa, ya mteja hapana.

Rangi za nini sasa

Kila mtu ana mfumo wake, wengi ni ule wa njano muhimu, nyekundu muhimu sana, mwisho wa siku ukurasa mzima ni muhimu sana. Kwa hukumu nashauri rangi zifuate nani anaongea. Hukumu ya Rufani inaanza na historia ya kesi, zinakuja sababu za rufaa, halafu kurasa na kurasa za mawakili wa pande zote, ndo baadae kabisa mahakama inaanza kusema yake. Na mawakili wetu wanajua kuongea, unakuta sentensi tamu imenyooka ukurasa wa 6, unaipaka rangi, unaiweka kwenye hoja zako kwamba Mahakama ya Rufani ilisema hivi, kumbe ni maneno ya wakili wa mrufani ambaye ukisoma mpaka ukurasa wa 19 hoja yake ilitupwa. Hakuna aibu kama upande wa pili kusimama na kuuonyesha.

Kwa hiyo njano ni mahakama tu. Bluu ni mawakili, upande wowote. Pinki ni kifungu cha sheria au kesi nyingine iliyotajwa, hizo unaenda kuzitafuta baadae. Rangi tatu basi. Ukija kufungua hiyo hukumu mwaka kesho una dakika tano kabla ya kuingia mahakamani, unapitia njano peke yake.

Na anza mwisho. Kurasa mbili za mwisho zinakwambia rufaa imekubaliwa au imetupwa na amri ni ipi, ukishajua hilo unaporudi mwanzo unasoma ukijua unatafuta sababu gani, rangi utakazopaka zitapungua zenyewe.

Noti ndo zenye kazi kubwa kuliko rangi. Hukumu nyingi bado ni za Kiingereza, noti andika Kiswahili chako cha kawaida, sentensi moja, kama unamwelezea mtu. Anza kila noti na neno moja lisilobadilika: TUMIA kwa kitu cha kwenda kwenye hoja zako, SWALI kwa usichoelewa, PINGA kwa usichokubaliana nacho. Ukifungua orodha ya maelezo kwenye apu unayaona yote kwa mkupuo, TUMIA zote hizi hapa. Kuandika kwenye skrini kunachosha, kwa hiyo washa Kiswahili kwenye kibodi ya Google, iko ya Tanzania na ya Kenya, imeweza kusikiliza Kiswahili tangu 2017, bonyeza kile kipaza sauti uongee noti yako. Ikikosea jina la kesi rekebisha, mengine inajitahidi.

Kwenye nyaraka za Kiswahili, mfano Hansard za Bunge, yaani kumbukumbu za mijadala, au mikataba ya mitaani, kuna kitu kwenye kutafuta watu hawakifanyi. Usitafute neno zima, tafuta mzizi. Ukitafuta "mpangishaji" utapata mpangishaji tu, ukitafuta "pangish" utapata kupangisha, amepangishwa, mpangishaji, wapangishaji wote. "Dham" inakuletea dhamana, mdhamini na waliodhaminiwa. "Rithi" inaleta mrithi, warithi, urithi, ila mirathi haiji, hiyo itafute kivyake kwa "rathi". Kwenye Hansard ya kurasa mia na kitu hii inakuokolea saa zima.

Kalamu

Kwa ufupi, kalamu sio lazima. Kidole na kibodi vinatosha kwa asilimia kubwa ya haya yote, na maandishi ya mkono kwenye apu nyingi za PDF hayatafutiki, ni mchoro tu. Ukitaka kwa sababu unapenda kuandika pembeni, Galaxy Tab S6 Lite inakuja na S Pen yake, kalamu ya Samsung, ndani ya boksi na haichajiwi. Tab A8 na A9 hazipokei S Pen, muuzaji akikwambia inapokea mwambie aijaribu mbele yako. iPad kalamu inauzwa kando na sio kila kalamu inaingia kwenye kila iPad, kaulize kwa modeli kabla hujatoa hela. Zile za bei rahisi zenye mpira mbele skrini inaziona kama kidole, ukilaza kiganja nacho kinaandika.

Kutuma

Faili lenye noti zako ukilituma, noti zinaenda nalo. PINGA yako, "huyu shahidi anadanganya" yako, zote. Mteja au upande wa pili watumie ile nakala safi, ndo kazi yake.

Kubwa zaidi ni kuficha. Mtu anataka kumtumia mwenzake mkataba ila afiche namba ya akaunti, anachora boksi jeusi juu yake anatuma. Boksi hilo ni alama kama alama nyingine, anaelipokea analigusa, anabonyeza futa, namba hiyo hapo. Hata lisipofutika, maneno yaliyo chini yake saa ingine yanakopika. Kwenye tableti njia ya uhakika bila kununua programu ni kupiga skrinishoti ya ukurasa baada ya kuweka boksi jeusi lisilopitisha kitu, afu utume picha, au uziunge picha ziwe PDF. Kile kidude cha hailaiti ya rangi nyeusi usikitumie, ukiongeza mwanga kwenye picha maandishi yanaonekana chini.

Kuhusu kuhifadhi, iweke ile folda yako Drive au OneDrive, na zile unazosoma wiki hii uziweke zipatikane bila intaneti kabla bando halijaisha. Shida inakuja ukifungua faili moja kwenye tableti na laptopu kwa pamoja, moja ikiwa haina mtandao, zote mbili zinasevu na unapata mafaili mawili yenye jina karibu moja, moja limeongezewa kitu mwishoni mwa jina, na kila moja lina nusu ya noti zako. Kuyaunganisha ni kazi ya mkono. Alama weka kwenye tableti tu, laptopu iwe ya kusoma na kuandikia.

Ukifika kwenye kuandika sasa, utafiti au hoja za maandishi, ndo Zotero inapofaa. Ya bure, nafasi ya bure mtandaoni ni MB 300, ikijaa unaweza kuacha mafaili kwenye laptopu tu. Ukisoma na kuweka alama humo, kwenye laptopu unaiambia itengeneze noti kutokana na alama zako, inakumwagia kila ulichopaka rangi na kila ulichoandika, na ukurasa wake pembeni, tayari kuhamishia kwenye dokumenti. Zile PDF ulizozipaka tayari kwenye Xodo au Adobe ukizifungua humo alama zinaonekana, na kuna sehemu ya kuzihamishia kwake uzifanyie kazi. Kabla hujahamisha, nakala.